Nusu ya Hadithi ya Nabothi

Bodaboda ilipoiacha lami pale Isinya, Kaveke alidhani amefika. Kumbe safari ndiyo kwanza inaanza. Walipita ploti baada ya ploti zilizozungushiwa senyenge, nyingine zina mageti makubwa ya chuma yaliyosimama peke yake, bila ukuta wala nyumba nyuma yake. Kisha mageti yakaisha, zikabaki nyasi kavu na upepo. Miaka yote aliyonunua maziwa ya Naisenya kwa kibanda chake cha chai kule Kitengela, hakuwahi kujiuliza yanatoka mbali kiasi gani.

Alikuja kwa sababu ya simu ya jana. "Njoo asubuhi na Biblia yako," Naisenya alikuwa amemwambia. "Usiniambie neno kwa simu. Njoo."

Alimkuta anamalizia kukamua.

"Takwenya," Kaveke akasalimia, kwa Kimaasai chake cha sokoni.

"Iko." Naisenya akacheka kidogo bila kuinua kichwa. "Hata leo unaongea kama mtu amebeba jiwe mdomoni. Keti. Wanakuja kunichukua sasa hivi."

Hakuhitaji kusema ni akina nani. Kaveke alikuwa amezisikia habari hizo kipande kwa kipande, kila mtungi wa maziwa ulipofika. Leo bodi ya ardhi ilikuwa inakaa Kajiado, na mume wa Naisenya, Lemein, alikuwa anauza kipande cha mwisho. Vingine vilikuwa vimekwenda zamani, kimoja kwa ada ya shule, kingine, kwa ajabu ya dunia, kununulia ng'ombe nyasi wakati wa kiangazi. Wengi walikufa hata hivyo. Hiki cha mwisho ndicho chenye boma, na kaburi la baba yake Lemein, na malisho ya wale wachache waliosalia.

Sheria inataka mke aulizwe kama amekubali. Wake wengi wa huku hupelekwa kwa gari la dalali, hununuliwa chai na mandazi, na huitikia kabla swali halijaisha. Kumpinga mume mbele ya wazee ni kumvua nguo sokoni.

"Ameniambia nikimkatalia kule, nisirudi hapa," Naisenya alisema. Alielekeza kidevu upande wa ua wa miiba, ambako Lemein alikuwa ameketi amewapa mgongo, koti la safari mwilini, fimbo magotini. "Hajakula tangu jana."

"Na wewe?"

"Mimi niko na neno. Lakini niko na nusu."

Akaeleza. Kanisa lao lilikuwa na kisanduku kimoja cha sola, mfano wa redio ndogo, kinachosoma Biblia kwa Kimaasai. Kilizunguka boma hadi boma, kila boma wiki yake. Kwake kilikuwa kimefika kwenye hadithi ya Nabothi, mtu mwenye shamba karibu na nyumba ya mfalme. Mfalme akalitaka. Nabothi akasema, Mungu apishe mbali nikupe urithi wa baba zangu. Papo hapo mtoto wa jirani akabisha hodi: wiki imekwisha, mama anataka kisanduku.

"Nimelala na hilo neno tangu siku hiyo. Nikikamua nalisema. Nikisikia mume wangu, Baba Seleyian, anageuka kitandani nalisema. Sasa nataka kwenda Kajiado nikiwa nalo lote. Nisomee mpaka mwisho."

Kaveke aliifungua Biblia polepole. Mwisho wa Nabothi aliujua, na mikono ikawa mizito. Angeweza kuruka mistari. Angeweza kumsomea Zaburi, akasema ndiyo yenyewe, nani angemshtaki? Alimtazama mwenzake, aliyekuwa amekunja mikono kama mtoto darasani, akaanza pale kisanduku kilipoishia.

Alisoma jinsi mfalme alivyorudi nyumbani na chuki, akajilaza kitandani, akageuza uso, akakataa chakula.

"Ngoja," Naisenya akasema. Akatazama ule mgongo wenye koti kule uani, mabega yakamtikisika kwa kicheko alichokimeza. "Endelea."

Kabla hajaendelea, vumbi likainuka njiani na gari jeupe likasimama langoni. Alishuka Hiram, dalali wa mashamba, mzee wa kanisa huko Kitengela, kiatu kinang'aa kama hakijawahi kukanyaga ardhi anayoiuza. Lemein alisimama kumlaki, wakaja pamoja mpaka mlangoni.

"Mama Seleyian, hujambo? Naona leo tuko na ibada. Mnasoma wapi?"

"Nabothi," Naisenya alijibu.

Hiram akaguna, halafu akatabasamu kwa upole wa mtu aliyeshikilia karata nzuri. "Ah. Na umefika mwisho? Wengi hupenda kuanza hiyo hadithi."

"Ndiyo anasoma."

"Basi soma, dada. Tuko na dakika."

Kaveke alitamani ardhi impasukie. Akasoma. Barua za malkia zenye muhuri wa mfalme, mashahidi wa uongo, watu wakamtoa Nabothi nje ya mji, wakampiga kwa mawe hata akafa. Ndama alilia zizini.

"Umesikia," Hiram alisema, taratibu. "Si mimi nimesema, ni Maandiko. Mtu akishindana na nguvu, huishia hapo. Na Nabothi alikuwa na haki ya kusema, lilikuwa la baba zake. Hili si la babako, mama. Wewe uliletwa hapa."

Lemein alitazama chini. Uso wa Naisenya ulikuwa umepauka, na Kaveke akaona kidole chake kikisugua ukingo wa mtungi, kikienda na kurudi.

"Imeisha?" Naisenya akauliza.

"Bado."

"Si nilisema mpaka mwisho?"

Kaveke akasoma. Mfalme akasikia kwamba Nabothi amekufa, akainuka kwenda kulimiliki lile shamba. Ndipo neno la Bwana likamjia nabii Eliya: ondoka, ukakutane na mfalme, tazama, yumo katika shamba la mizabibu la Nabothi.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Anayesema ni nani?"

"Mungu."

"Na Nabothi ameshakufa?"

"Ameshakufa. Na mfalme ameshaingia."

"Na Mungu bado analiita la Nabothi." Naisenya alisimama, akafunika mtungi, akaipangusa mikono yake kwenye shuka. Rangi ilikuwa imemrudia usoni. "Hiram, umesema kweli, mimi nililetwa. Lakini watoto wangu walizaliwa hapa, na babu yao amelala pale. Ni la baba zao."

"Hayo utawaambia bodi," Hiram akasema. Tabasamu lilikuwa limekauka.

"Ndiyo. Nitawaambia."

Akageuka kwa mumewe, akamnyooshea kikombe cha maziwa. "Baba Seleyian, kunywa. Njia ni ndefu."

Lemein alikitazama kikombe muda mrefu kuliko kinavyotazamwa kikombe. Mwishowe akakipokea, akanywa akiwa amegeuza uso pembeni.

Naisenya hakubeba mfuko, wala shuka la pili, wala chochote anachobeba mwanamke aliyeambiwa asirudi. Alipita mbele ya Hiram, akafungua mlango wa gari mwenyewe.

"Kaveke, utakaa?"

"Nitakaa."

"Ndama wasiende mbali. Lakini jioni usiwafungie." Alisema kwa sauti, mumewe akiwa ameshika mlango wa upande wa pili. "Nitakuja kuwafungia mimi."

Lemein akaingia, akafunga mlango. Gari likageuka, likashika njia ya Kajiado, na Kaveke akabaki langoni na Biblia kwapani, akiliangalia vumbi mpaka lilipotua.