Mkubwa Husema Mwisho

Wangechi Gathogo alizaliwa Kitale, katika nyumba ya wakulima wa mahindi waliohamia kutoka Nyeri, na kwao alikuwa wa kwanza kuvaa koti jeupe. Alipopewa kliniki ya saratani aiongoze huko Bungoma, mamake alichinja kuku. Alipomaliza mafunzo ya uongozi kwa madaktari wa saratani, kanisa zima lilimpigia makofi.

Kutoka mafunzoni alileta kikao cha Ijumaa. Kila mhudumu alieleza kosa lake mbele ya wenzake, na ilikuwa mwiko kumkaripia. Walimu walikuwa wamesisitiza kwamba kiongozi ndiye aanze. Hilo Wangechi alilibadilisha. "Kwetu mkubwa husema mwisho," aliwaambia, na mara nyingi wagonjwa walianza kuingia kabla zamu yake haijafika.

Ijumaa moja alisimama Makokha, daktari kijana.

"Yangu ni ya Mama Nasambu wa Chwele, yule wa kuuza kuku. Majibu yamekuja yakiwa yamechelewa, na uvimbe umefika kwapani. Ile nyama ya kupimwa tulimtoa kwenye titi, sikuifuatilia. Makosa ni yangu."

"Si uliituma?" aliuliza Rosaline, muuguzi mkuu.

"Niliituma. Lakini kutuma na kufika si mapacha, sista."

Watu walicheka kidogo. Wangechi hakucheka.

Kliniki haikuwa na gari la kupeleka vipimo. Vichupa vyenye nyama ya kupimwa viliwekwa kwenye boksi karibu na mlango, na yeyote aliyekwenda upande wa maabara ya Kitale alivibeba. Cha Mama Nasambu alikuwa amekibeba Wangechi mwenyewe, akakiweka dirishani kwa mamake Kitale alikolala. Asubuhi gari la mafunzo ya uongozi lilikuja kumchukua, akaondoka akikariri hotuba ya kutoa huko. Kichupa kilibaki nyuma ya pazia mpaka aliporudi, akakipeleka maabara kimyakimya.

"Umefanya vizuri kusema, Daktari," alimwambia Makokha, kwa sauti laini aliyofunzwa.

"Asante, madam. Nilikuwa naogopa."

Shukrani hiyo ilimchoma kuliko tusi. Alifungua orodha amwite msemaji mwingine, kisha akaifunga.

"Kaa chini, Makokha," alisema. "Kile kichupa kilikuwa kwangu. Nilikisahau Kitale nikienda kusomea uongozi."

Hakuna aliyemkaripia. Rosaline aliangalia chai yake. Makokha ndiye aliyesema, polepole, "Na umeniacha nikaomba msamaha, madam."

"Nimekuacha."

Akatoka kwenda kwenye benchi la wagonjwa, akaketi kando ya Mama Nasambu, aliyekuja siku hiyo kuchukua majibu, akamweleza yote: kwamba ni saratani, kwamba dawa zipo, na kwamba kichupa kilicheleweshwa na mmoja wa madaktari. Kusema ni nani kulimshinda tena.

Mama Nasambu alikaza leso yake kiunoni. "Sawa, mwanangu. Sasa niitie mkubwa wenu. Hayo ya kichupa nataka kuongea na yeye."

"Ni mimi, mama. Na aliyechelewesha pia ni mimi."

Mama Nasambu alimtazama kidogo, kisha akageukia mlango, akaendelea kungoja mkubwa atoke.