Vidonge vya Levi na Kemboi

Levi Mukhisa alipiga tarumbeta kanisani Kamukuywa tangu ujana wake. Siku za kazi alikuwa fundi wa baiskeli, mikono imejaa grisi, lakini Jumapili mashavu yake yakivimba, hata watoto wachanga walinyamaza. Kwa hiyo alipoacha kupiga katikati ya wimbo wa Pasaka, akakaa chini ameshika kichwa, bendi nzima ilisimama.

"Ni jua tu," alisema.

Mkewe, Nasambu, hakubishana naye. Kesho yake alimpeleka kituo cha afya. Mhudumu akampima presha, akampima tena, kisha akaenda kumwita mwenzake aje aone. Levi akaandikiwa kwenda hospitali Kitale.

"Na tarumbeta?" akauliza.

"Iweke kwanza, mzee. Mpaka presha ishuke."

Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Kitale alikutana na Daktari Wahu, mwanamke kijana aliyekuwa akiongoza utafiti wa dawa za presha kwa watu wazima. Alimweleza taratibu. Kwa kawaida mgonjwa huanzishiwa dawa moja, ikishindwa anaongezewa nyingine. Wao walitaka kujua kama kidonge kimoja chenye dawa tatu, kila moja kidogo kidogo, kingefanya kazi vizuri zaidi. Wagonjwa wengine wangepewa kidonge hicho kipya, wengine wangetibiwa kwa njia ya kawaida.

"Vidonge vitafanana. Hutajua unameza vya aina gani, na mimi pia sitajua. Kompyuta ndiyo itapanga. Na ukitaka kutoka, unatoka siku yoyote, tutaendelea kukutibu."

"Hata wewe daktari hutajua?"

"Hata mimi. Nikijua, nitaanza kuona kile ninachotaka kuona."

Levi alicheka kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Hakuwahi kumsikia daktari akisema hajui, tena kwa kupenda. Akakubali.

Kwenye benchi la kliniki ndipo alipomkuta Kemboi, mkulima wa viazi kutoka mlimani upande wa Suam, mrefu na mkimya. Ukimya huo uliisha siku ya pili walipokutana.

"Yangu ndiyo mpya," Kemboi alisema. "Naisikia kwa miguu. Imekuwa myepesi."

"Ati miguu! Miguu yenu wakimbiaji wa mlimani si imekuwa myepesi hata kabla ya dawa, bana? Mpya ni yangu. Siku hizi nalala kama mtoto."

"Nyamazeni kwanza," Sista Chepngeno, muuguzi aliyewapima, aliwaambia huku mwenyewe akijizuia kucheka. "Mkiongea hivyo presha inapanda, nitaandika uongo."

Kila mmoja akamwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho. Walipotoka nje wakaanza tena pale pale walipoachia.

Ndivyo urafiki ulivyoanza. Kila asubuhi simu ya Levi ililia: "Umemeza?" "Nimemeza. Na wewe?" Nasambu akapunguza chumvi kwenye mboga, Levi akanung'unika, Kemboi akamwambia kwa simu kwamba huko mlimani wamepunguziwa pia na hakuna aliyekufa. Presha zao zikashuka, polepole, kliniki baada ya kliniki. Siku daktari aliporuhusu tarumbeta, Levi hakungoja Jumapili. Alimpigia Kemboi simu akapuliza wimbo mzima.

"Umetawanya ng'ombe wangu!" Kemboi alipiga kelele. "Hebu rudia!"

Utafiti ulipokwisha, waliitwa wote kwenye ukumbi Kitale. Daktari Wahu alitangaza kwamba kidonge kipya kiliwashushia presha watu wengi zaidi, tena mapema. Ukumbi ukapiga makofi. Kisha kila mtu akaitwa kando kuambiwa alichokuwa akimeza.

Levi alitoka, uso umemshuka. Kemboi akatoka nyuma yake, akikuna kichwa.

"Mimi nilimeza ya kawaida," Levi alisema.

"Hata mimi."

Walitazamana. "Na ile miguu?" Levi akauliza.

"Si bado ni myepesi!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega, na Sista Chepngeno akaja kuona kuna nini. Daktari Wahu naye akasogea. Levi akajifuta machozi, akamuuliza kwa dhati, "Daktari, kwa hiyo sisi hatukusaidia kitu?"

"Bila nyinyi, ile mpya tungeilinganisha na nini? Na nyinyi mlimeza kila siku. Angalia presha yako ilivyo leo." Akawaambia kwamba sasa, wakitaka, wangehamishiwa kidonge kipya. Wakataka.

Jumapili iliyofuata Kemboi aliteremka Kamukuywa na gunia la viazi kwa Nasambu. Baada ya ibada mchungaji alimpa nafasi ya kusalimu. Mtu yule wa maneno machache alisema hivi tu: "Mimi nilikuwa na presha sijui. Huyu Levi pia hakujua. Nyinyi wanaume mnajua yenu?" Alasiri hiyo wanaume waliopanga kwenda kupimwa walikuwa wengi kuliko wanaoimba kwaya.

Nasambu alimkatalia mgeni kurudi siku hiyo hiyo. Asubuhi Levi akampeleka Chwele sokoni, na huko Kemboi akapenda, akanunua jogoo mmoja mwekundu mwenye kelele kuliko wote. Alipanda naye mlimani, kwapani, akimsifia kwa kila aliyemsalimu njiani kwamba anamfikia Levi kwa tarumbeta.