Mate ya Baraka Juu ya Glavu

Mama alikuwa amekataa katakata. Nimonia ilimlaza wodini hapa mjini Wote, na sasa alipopata nafuu, daktari alitaka kupima oksijeni kwenye damu ya ateri, ule mshipa unaodunda, kabla ya kumruhusu kurudi nyumbani Kathonzweni. Siku ya kulazwa walimdunga kifundo cha mkono kutafuta damu hiyohiyo, bila ganzi, akalia kwa sauti. Mama yangu, aliyetuzaa sote kimyakimya! Nilikasirika nikafoka, nadhani niliufokea ukuta.

"Heri nizeekee hapa," alisema, mikono ameificha ndani ya leso. Na ndengu zake zilikuwa zimekauka shambani, mawingu yanakuja.

Ndipo akaja muuguzi mgeni, msichana wa Garissa mwenye hijabu. Akaketi kitandani.

"Mama, hii ya kwanza ni ndogo, ya ganzi. Itawasha kidogo. Ile ingine hutasikia."

Mama akatoa mkono, uso ameugeuzia dirishani. Sindano nyembamba ikaingia, ikatoka.

"Ni hiyo tu?"

Moyo ukamjaa. Akafanya anavyofanya mama yeyote wa Kikamba kwa mtoto aliyemtendea wema: alimshika yule msichana viganja, akavitemea mate mepesi ya baraka, akimwombea kwa Mungu.

"Thu! Ngai akuathime!"

Juu ya glavu safi! Na mengine yakaangukia kifundo kilichopanguzwa spiriti. Nilifunika uso kwa aibu. Muuguzi alitazama glavu zake, akacheka mpaka akaegemea kitanda.

"Hata nyanya yangu hututemea hivi. Lakini sasa, mama, lazima nioshe mikono nianze upya."

Alienda, akanawa, akavaa glavu nyingine, akapanguza tena. Kumbe ganzi nayo ilikuwa inakolea. Mama alimsimulia habari za ndengu, naye akapapasa pale mshipa unapodunda. Nikaona damu ikipanda ndani ya bomba la sindano.

"Si uanze basi," Mama akasema, "kabla sijabadilisha nia."

"Nishamaliza, mama."

Mama aliangalia pamba iliyokuwa ikikandamizwa kifundoni. Alicheka hadi akakohoa, nami nikacheka huku machozi yakinitoka. Sijui ni lini niliwahi kufurahi vile.

Majibu yalikuwa mazuri. Jioni tulipokuwa tukifunga mizigo, yule msichana akaja kutuaga. Hakuwa na glavu. Alisimama mbele ya Mama, akamnyooshea viganja vyote viwili, akangoja.