Karanga Zilizonyunyiziwa Maji

Benedicta alihamia Chimala kutoka Iringa baada ya kufiwa na mumewe. Kwa miaka sita alitengeneza unga wa virutubisho wa karanga na majani ya mlonge, ule wa kutia kijiko kimoja kwenye uji wa mtoto. Mimi ndiye niliyemsagia, mashineni kwangu. Wenye maduka ya dawa Mbeya walimwambia wangeuchukua, ila uwe na alama ya ubora. Akaomba. Sampuli ikachukuliwa, naye akasubiri miezi mitatu.

Majibu aliyaleta afisa wa viwango, dada mpole aitwaye Eveline. Alipewa kiti, hakukaa.

"Mama, unga wako una sumukuvu, mara nne ya kiwango. Karanga mnazimenyaje?"

"Kama alivyomenya mama yangu. Jioni tunazinyunyizia maji, tunafunika na magunia. Asubuhi maganda yamelainika."

"Hapo ndipo kuvu inapoota. Zimenyeni kavu."

Happy, anayemsaidia kumenya, akacheka. "Afisa, hebu menya debe moja kavu. Kesho vidole vimechubuka, ripoti utaiandika kwa kiwiko!"

Eveline hakucheka. "Mtoto akila kidogo kidogo kila siku, ini linaharibika. Na anadumaa."

"Lakini tunazikaanga," Benedicta alisema.

"Moto wa kikaango hauimalizi sumu hiyo."

Nami nilikuwa pale mlangoni, nikisikia yote. Harufu ya uvundo ya karanga zake niliwahi kuisikia mashineni, nikaona haya kumsema mtu mzima kwa kazi yake.

Tulichimba shimo nyuma ya nyumba. Benedicta alichana pakiti za unga moja moja kwa mikono yake, akazimwaga shimoni ziteketezwe, hakutaka kusaidiwa. Moto ulikuwa umeshika ndipo akaja Roza, mke wa mfugaji wa Kisukuma wa kule mbugani, na mtoto mgongoni. Mtoto ana miaka miwili, ungesema ana mmoja.

"Dada Bene, nipe mbili. Huyu bado hanenepi, siku hizi namwekea vijiko viwili."

Benedicta akamweleza yote pale pale, bila kupunguza neno.

Roza alimshusha mtoto, akamshika tumbo. "Na ule aliokwisha kula, unatokaje?"

Eveline, aliyebaki kusimamia moto, alimwambia ampeleke mtoto kituo cha afya akapimwe.

Benedicta akanyoosha mikono ampokee mtoto, waende wote. Roza alimrudisha mgongoni, akakaza kanga, akaondoka peke yake.