Ndugu Watoke Kwanza

Kazi yake ilikuwa kuwauliza wazee wanaokaribia kufa wanataka nini. Ukiisema hivyo kwa mkato inatisha, ndiyo maana akiulizwa na watu asiowajua alisema tu kwamba ni daktari, kisha akahama kiti kabla hajaonyeshwa goti linalouma. Udaktari alisomea, wodini alifanya kazi mpaka miguu ikavimba, halafu akageukia utafiti. Alikuwa ameona wazee wengi mno wakifa wamechomekwa mirija wasiyoiomba, huku watoto wao wakilia koridoni kwamba wamefanya kila kitu.

Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi, na dirisha lilitazama mapipa ya taka. Wagonjwa walimwita Bibi Maswali, ingawa hakuwa bibi wa mtu. Alifanya kazi na muuguzi mmoja mnene, mpole wa sauti, ambaye wodi nzima ilimwita Mkoba kwa kuwa hakuuweka mkoba wake chini hata akimpima mtu presha.

Kanuni yao kubwa ilitokana na kushindwa. Mwanzoni walimuuliza mzee mbele ya wanawe, na majibu yakawa yanatoka kila mahali isipokuwa kwa mzee. Muulize babu kama angependa kurudi nyumbani, binti yake atajibu kwamba baba anapapenda hapa, pana oksijeni. Muulize bibi kama anaumwa, mwanawe atajibu kwamba mama ni mvumilivu. Bibi mwenyewe katulia anatazama dari, kama anayesubiri mvua ipite. Na wote walikuwa na wimbo mmoja: tunamjua mzee wetu. Siku moja uvumilivu ulimwisha Bibi Maswali, akawaambia ndugu watoke kwanza. Waliponuna akawafungulia mlango. Akavuta kigoda, akaketi chini kuliko kitanda ili mzee asilazimike kumtazama juu, akauliza, kisha akanyamaza. Huko kunyamaza ndiko kazi yenyewe, na wasomi wengi kunawashinda. Yule bibi mvumilivu alisema anaumwa tangu juzi, na kwamba kila anayekuja humuuliza tu kama amekula.

Tangu hapo ndugu walitoka, wakubwa kwa wadogo, wenye tai na wenye kandambili. Majibu nayo yakaanza kufanana. Wazee wengi walitaka kuwa nyumbani, wapewe dawa ya maumivu, na awepo mtu wa kuwashika mkono. Visu na mashine hawakuvitaka sana. Aliyaandika hayo, akayasema mikutanoni, wakubwa wakampigia makofi, na hospitali ikaanza kubadilika kidogo kidogo. Makofi hayo aliyastahili. Ubaya wa jibu zuri ni kwamba mtu akishalipata hulibeba kila anakokwenda, hata pale ambapo hajauliza.

Ndipo mama yake akaugua.

Mama alikuwa mjane, mpokeaji simu mstaafu, aliyewahi kuunganisha simu za mji mzima, akajua nani anampigia nani, na asimwambie mtu. Ulimi wake ulikuwa mkali. Masikio yalianza kuwa mazito, ingawa binti yake alishuku kwamba yalichagua ya kusikia. Alikutwa na uvimbe kwenye utumbo. Daktari wa upasuaji, kijana mwenye miwani, alieleza bila kuzunguka: wakiutoa, mama anaweza kupata mwaka, pengine hata miwili mitatu, lakini moyo wake ni dhaifu na huenda asiamke. Wakiuacha, ni miezi michache, na maumivu yatatulizwa kwa dawa.

Kaka yake mkubwa, fundi umeme, alitaka mama apasuliwe. Bibi Maswali alikataa kabisa. Waligombana jikoni kwa mama kwa sauti za chini, huku maji yakichemka motoni bila mtu wa kuyaepua. Alimmwagia kaka yake utafiti wake wote, heshima ya mgonjwa, utulivu wa siku za mwisho, yale yale ya mikutanoni. Kaka alimsikiliza hadi mwisho, halafu akauliza kama fundi anayetafuta waya ulipokatikia.

"Mama amekwambia hataki?"

"Namjua mama."

Lilimtoka hivyo hivyo, wala hakujisikia. Nyani haoni kundule.

Kesho yake alimwambia Mkoba aandae huduma ya nyumbani, maana mama hatapasuliwa. Mkoba akauliza nani amezungumza naye. Akajibiwa kwamba mama hayumo kwenye utafiti. Mkoba hakubisha, alisema tu kwamba jioni atapita kumjulia hali.

Alipita kweli. Akamwamkia mama chumbani kwake, akavuta kigoda kilichokuwa chini ya meza ya kioo, akaketi. Bibi Maswali alikuwa ukingoni mwa kitanda, mkono wake juu ya miguu ya mama, na kaka yake ameegemea kabati.

"Ndugu watoke kwanza," alisema Mkoba.

Bibi Maswali alicheka, akidhani ni utani. Mkoba hakucheka. Basi akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake. Hakuwahi kuutazama mlango wa namna hiyo kutoka upande huu. Kwanza alikasirika, tena sana, akaapa moyoni kwamba Mkoba atamtambua. Kisha hasira ikapungua, na chini yake akakuta woga mtupu. Kaka yake naye alikuwa ametoka, amesimama kando yake. Ndani walimsikia mama akicheka.

Walipoitwa, mama alikuwa ameketi, mto mgongoni.

"Nataka nipasuliwe," alisema.

Bibi Maswali akaanza habari za moyo. Mama akamkatiza: alijua yote, hata kwamba huenda asiamke, maana kijana wa miwani aliyasema mbele yake na siku hiyo masikio yalikuwa mazima. Binti akasema kwamba wazee wengi, wakiulizwa vizuri...

"Wazee wako wamechoka, na wana haki. Mimi sijachoka. Napenda kuamka asubuhi. Napenda chai yangu, napenda hata kugombana na jirani. Nikipata mwaka, nitautumia."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Uliniuliza? Ulikuja umeshakata shauri, umevaa uso wa msiba. Nikasema huyu ni daktari, kuna jambo analijua, ananificha. Nikaanza kujizoeza kufa." Akausogeza mto mgongoni. "Haya, na wewe unataka nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Alianza kujibu kwa maneno ya kazini, yakaisha njiani. Mama alisubiri, na katika kusubiri hakuhitaji kufundishwa.

"Sitaki ufie kule ndani, mama, mimi niko nje."

"Basi hilo ni lako, mwanangu. Liseme kwa jina lako. Usiniwekee mimi mdomoni."

Akalia, uso kwenye shuka la mama, kilio cha mtoto wa shule. Kaka yake akageukia ukutani na kuikagua swichi isiyo na kosa lolote.

Wiki iliyofuata mama alipelekwa kwenye upasuaji, akimtania kijana wa miwani kwamba anyoe ndevu zake kwanza. Hakuamka. Uvimbe ulishatolewa moyo uliposimama, na kijana alikuja kuwaambia akiwa bado amevaa kofia ya kazi, macho mekundu.

Kaka aliteleza ukutani mpaka sakafuni. Yeye ndiye aliyeitaka operesheni tangu siku ya kwanza, na sasa alimwinulia dada yake uso, akauliza kama wamemuua mama kwa kumsikiliza. Maneno ya kumjibu yalikuwepo, tena makali, maana ni dada aliyeonya. Aliyameza. Akaketi sakafuni kando yake na koti lake jeupe, wauguzi wakiwaruka miguu.

"Alitaka kuishi, kaka. Tusingemsikiliza, tungemnyima hata kutaka."

Kaka akalia, naye akalia. Halafu dada akamshika mkono, wakainuka, wakaingia kumwona mama.