Ukili Niliosukiwa na Bibi

Leo nimepita penye duka la mikeka, harufu ya ukindu ikanirudisha darasani Temeke. Mwalimu wetu, mtu wa bara, alitaka kila mtoto asuke ukili wa mkeka, pima moja. Wangu ulipinda hata nyoka angeuonea huruma. Bibi, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa mikeka yake, akaufumua, akausuka upya, mie nikaupeleka kifua mbele.

Mwalimu akaunyoosha mezani. "Umesuka mwenyewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya, nionyeshe unavyoanza."

Vidole vikaganda. Nikaingoja bakora, kiganja nimeshakinyoosha.

Akaketi sakafuni kando yangu, akachukua chane nne za ukindu.

"Mpe bibi yako shikamoo yangu, mwambie amefaulu. Sasa sogea tujifunze wote, maana hata mimi sijui."