Kompyuta ya Homa Bay na Nondo za Rusinga

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wembe. Nilikuwa nimetoka kwetu Ukuriani, upande wa Kehancha, na viatu vya kubana, cheti changu cha uchoraji ramani kikiwa ndani ya bahasha, nikidhani kitu cha kwanza nitakachopewa ni meza. Afisa wa Ujenzi wa Wilaya pale Migori hakuniuliza hata kama nimefika salama. Aliusukuma ule wembe juu ya meza yake akasema, "Bi Boke, kosa likiwa kwenye karatasi linatolewa kwa wembe. Likifika saiti linatolewa kwa nyundo. Wewe umeajiriwa ili nyundo ikae kwenye kisanduku chake."

Wembe wenyewe ulikuwa wa kukwangulia wino. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ramani ya jengo ilichorwa kwa kalamu ya wino juu ya karatasi nyororo inayopitisha mwanga. Ukikosea mstari unaukwangua polepole, unasugua mahali pale kwa ukucha ili karatasi isinyonye wino, ndipo unachora upya. Nakala tulizitoa kwa mashine ya amonia, na harufu yake ilitutoa machozi sote, hata mpita njia angedhani ofisi imefiwa. Nilikuwa na mkono mzuri, sitajifanya mnyenyekevu hapa. Haukupita mwaka kabla ya mafundi kuzijua ramani zangu bila kusoma jina.

Nilichojifunza Migori zaidi ya kuchora ni desturi ya kuongeza. Mchoraji akihesabu nondo, zile fito za chuma zinazolazwa ndani ya zege ili lisipasuke, anaongeza chache asije akalaumiwa. Mkadiriaji wa vifaa naye anaongeza. Mwenye stoo anaongeza za kupotea, na msimamizi wa saiti anaongeza za kukosewa. Wala hawakuwa wezi, walikuwa waoga tu. Kazi ikiisha unakuta vipande vya chuma vimelala nyasini vikila kutu, saruji imegandia mifukoni, na shule ya jirani haina hata linta, ile boriti fupi ya juu ya mlango au dirisha. Ofisini tuliyaita hayo hasara ya kawaida. Mimi yalikuwa yakinikasirisha, na hata leo yananikasirisha.

Nilipohamishwa kwenda Homa Bay nilimkuta Mhandisi wa Wilaya, mtu mrefu aliyependa chai isiyo na sukari na watu wasio na maneno mengi. Chai tulielewana. Miezi michache baadaye tuliletewa kompyuta ya majaribio, na kwa kuwa hakuna mwanamume pale ofisini aliyetaka kuonekana akishindwa na mashine, nikapelekwa Nairobi wiki sita kujifunza mimi.

Ninyi vijana mmezaliwa na mambo haya mkononi, kwa hiyo wacha niwaeleze ilivyokuwa. Mashine ilikuwa nzito kama gunia la mahindi na ilifikiri polepole. Ukiiambia igeuze jengo, unakwenda kunywa chai, ukirudi iko katikati. Umeme ukipotea, kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji. Lakini jengo lilikuwa limesimama mle ndani. Sikuwa nachora tena mistari mitatu ya kuwakilisha ukuta, nilikuwa naujenga ukuta wenyewe, na urefu wake na unene wake, kila nguzo na kila nondo iliyo ndani ya nguzo, tofali la kwanza bado halijafyatuliwa. Bomba likipita mahali pa boriti, unaliona hapo kwenye kioo. Zamani ulikuwa ukiliona saiti, zege likiwa limeshakauka.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni orodha ya kukatia. Nondo hutoka kiwandani na urefu wa mita kumi na mbili. Nguzo inataka nne na nusu, boriti inataka tano, linta inataka mbili. Fundi akikata kwa kufuata kinachohitajika asubuhi hiyo, jioni ana rundo la vipande visivyofaa kitu. Kompyuta ilijua vipande vyote vya jengo zima kwa pamoja, kwa hiyo ningeweza kuipangia kila nondo ikatwe wapi na wapi, kama fundi cherehani anavyotandaza kitambaa chote kabla ya kushika mkasi.

"Inaweza kuniambia nondo ngapi?" Mhandisi aliniuliza.

"Inaweza kukuambia kila moja inakatwa wapi."

"Bila kuongeza?"

"Bila kuongeza hata moja."

Alikoroga chai yake isiyo na sukari, sijui alikuwa anakoroga nini. "Umesema wewe, Boke," akasema.

Kazi ya kwanza ilikuwa wodi ya uzazi katika zahanati moja kisiwani Rusinga. Wafadhili walikuwa wametoa vifaa vya mara moja tu: nondo hizi, saruji hii, bati hizi, na hakuna nyingine. Mkunga wa pale, Sista Adhiambo, alikuwa akizalisha akina mama kwenye korido, wagonjwa wa malaria wamekaa kwenye benchi upande wa pili wa leso iliyoning'inizwa kwa kamba. Nilipokwenda kupima kiwanja alinishika mkono akasema, "Madam, mimi nataka mlango unaofungika, na maji. Mengine nitavumilia."

Makadirio ya kawaida, yale ya kuongeza, yalionyesha kwamba nondo zingetosha wodi peke yake. Niliporudi Homa Bay nikaijenga wodi ndani ya kompyuta, nikapanga mikato, nikapunguza huku na kule, na mwishowe nikaona zinatosha wodi pamoja na mnara wa zege wa kuwekea tangi la maji ya mvua. Nilimpelekea Sista habari hiyo mimi mwenyewe. Alicheka, akaita wahudumu wote waje wasikie. Nilirudi kupitia lile tuta la Mbita linalounganisha kisiwa na bara, nikijiona mtu mkubwa sana.

Msimamizi wa saiti alikuwa Fundi Okeyo wa Rangwe, mzee aliyekata chuma tangu kabla sijazaliwa. Kila mtu alimwita Jaduong', yaani mzee wa heshima, na mimi pia nilimwita hivyo ingawa Kijaluo changu kilikuwa cha kuombea maji. Nilimtumia orodha ya kukatia, safi, imechapwa, na muhuri wa Mhandisi chini yake: *Kata kama ilivyoonyeshwa.*

Wiki ya tatu Mhandisi alisimama mlangoni kwangu. "Mkaguzi amezikataa nondo za nguzo. Ingia kwenye gari."

Tulipofika Rusinga niliona rundo la nondo zilizokatwa, kimo chake kama kitanda, na nyingi zilikuwa na mkunjo katikati. Mafundi walikuwa wamezinyoosha kwa nyundo lakini alama ilionekana, na nyingine zilikuwa na ufa mdogo pale zilipokunjwa. Mkaguzi alikuwa sawa kabisa. Chuma kikikunjwa vile halafu kikanyooshwa kwa nguvu hupoteza uimara, na hakuna anayekiweka kwenye nguzo inayobeba watu.

"Jaduong', hizi zimekunjwa na nani?" nikauliza.

Alinitazama kwa upole, na upole huo ndio uliniuma. "Zimekuja hivyo, nyathina, mwanangu. Nondo zote huja hivyo. Lori la kufika huku lina mita ngapi?"

Lori lilikuwa na mita saba tu. Nondo ya mita kumi na mbili haiingii, kwa hiyo dukani huikunja katikati kama pini ya nywele, inapakiwa, inasafiri. Kila nondo iliyoshushwa Rusinga ilikuwa na kiwiko katikati yake, kwenye mita ya sita. Na orodha yangu ilisema mita nne na nusu, kisha mita nne na nusu nyingine, kisha tatu. Kile kipande cha pili kilipita juu ya kiwiko kila mara. Ndani ya kioo changu nondo zilikuwa zimenyooka.

"Kwa nini hukusema?"

"Karatasi ilikuja na muhuri," alisema Jaduong'. "Zamani mlikuwa mkileta za kuzidi. Mimi nakata kiwiko natupa, najipangia mwenyewe, kazi inatoka. Safari hii hakuna ya kuzidi, na kila mkato umeandikwa. Nikafikiri hiyo mashine inajua kitu ambacho mimi sijui."

"Si ungeniuliza tu, mzee wangu."

"Wewe ungeniuliza," akasema.

Mhandisi aligeuka akatazama ziwa. Nilitamani ardhi ya Rusinga inimeze. Sehemu ya ile hasara ya kawaida niliyoichukia miaka yote ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa kichwani mwa mzee huyu, na hakuna ramani hata moja iliyowahi kumwuliza. Bila nondo za kutosha hatungeweza kufunga ringi bimu, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta zote na kuzishika pamoja. Bila ringi bimu hakuna paa, na wodi ingebaki kuta tupu.

Sikulia, kama mnataka kujua. Nilivua viatu, nikachukua daftari, nikamwambia Jaduong' tupime kila kitu. Alilaza nondo moja moja, nzima na zilizoharibika, akataja urefu kutoka mwisho hadi kwenye kiwiko, nami nikaandika. Mara mbili alinisahihisha mahali ambapo nilikuwa nimesahau maungio, yaani pale nondo mbili zinapolala sambamba ili zishikane ndani ya zege. Nondo fupi maana yake maungio mengi, na maungio mengi maana yake chuma kingi. "Hiyo mashine inajua maungio?" aliniuliza. Nikamwambia itajua kufikia kesho.

Nilirudi Homa Bay nikalivunja jengo langu la kiooni, nikalijenga upya. Safari hii hapakuwa na nondo ya mita kumi na mbili popote. Kila moja ilikuwa vipande viwili visivyofika mita sita, na yale mabaki yaliyokataliwa niliyaingiza pia kwa urefu wake halisi, kiwiko kimetolewa. Vipande vifupi vikaenda kwenye linta za madirisha. Mashine ilifikiri, mimi nikanywa chai, nikairekebisha, ikafikiri tena. Siku ya pili jibu lilitoka. Ringi bimu ya wodi ingefungika. Mnara wa tangi ungebaki bila chuma.

Kwa haki ya Mungu nilijaribu kila mpango. Nilibadilisha mahali pa maungio, nikahamisha linta, nikampelekea Jaduong' karatasi tatu tofauti, naye akazirudisha na alama zake za kalamu ya risasi, nyingine zikiwa na akili kuliko zangu. Tuliokoa vipande hapa na pale. Havikufika mnara.

Mhandisi alisema Sista aamue mwenyewe, na kwamba mimi ndiye nitakayemwuliza. Nilimkuta kwenye korido, mikono imelowa. Nikamwambia lote, pamoja na kwamba kosa ni langu wala si la fundi.

"Paa," akasema. "Maji tumezoea kubeba."

Siku ya kufunga ringi bimu nilikuwa juu ya jukwaa pamoja na mafundi, sketi na yote. Nondo ya mwisho iliingia mahali pake na maungio yake kamili. Jaduong' alikusanya mabaki ya jengo zima, mfanyakazi mmoja akayabeba kwa safari moja. "Sijawahi kuona hii," mzee alisema, na kutoka kwake hayo yalikuwa maneno mengi. Bati zilipopigwa, Sista aliingiza kitanda cha kuzalishia kabla rangi haijakauka, akamwingiza mama mmoja aliyekuwa akisubiri, akafunga mlango. Sisi tulibaki nje tukiutazama.

Baada ya hapo sikuchora jengo lolote bila kwanza kukaa na fundi wake. Katika kila kazi, karatasi ya kwanza ilikuwa ya maswali: lori gani, barabara gani, nondo zinakujaje, udongo wa pale unafanya nini mvua ikinyesha. Tulijenga madarasa Rangwe, stoo Awendo, daraja dogo la miguu upande wa kwetu Migori, na lile rundo la mabaki liliendelea kupungua mpaka Mhandisi mwenyewe akaacha kuongeza. Aliyemrithi alitaka kuirudisha desturi ile ya zamani. Nikamwonyesha hesabu zangu, akaiacha. Kompyuta zikabadilika, zikawa nyembamba, zikawa za haraka, na mimi nilikwenda nazo hadi siku niliyostaafu. Ile kazi niliiweza. Nasema wazi ili binti yeyote wa Kikuria anayesoma haya asidhani kuna mashine iliyoumbwa kwa ajili ya wanaume.

Vijana wa ofisi hunitembelea siku hizi, wananionyesha majengo yanayozunguka ndani ya simu, wananiuliza ni saruji kiasi gani na chuma kiasi gani nilichookoa katika maisha yangu ya kazi. Ni kingi, nawaambia, na najivunia. Kisha nawasimulia habari za Rusinga. Wodi ile ilikaa bila tangi miaka mingi, na waja wazito waliokwenda kujifungua walipanda kutoka ziwani na ndoo kichwani, kila mmoja amejibebea maji yake mwenyewe ya kuogeshewa mtoto. Malori ya nondo zilizokunjwa yalikuwa yakipita karibu kila wiki mbele ya dirisha la ofisi yetu pale Homa Bay. Nilikuwa nimeligeuzia dirisha mgongo, ili jua lisinipige machoni nikitazama kioo cha kompyuta.